Karani na Bikoni Kumi na Moja

Asubuhi ya mashindano Swabra alikamua ng'ombe wake saba akapata chupa moja na nusu ya maziwa. Mwaka mmoja nyuma, wakati kama ule, alikuwa akijaza madumu mawili na kuyapeleka Malindi, kwa wateja wake wa Shella. Maziwa hayo kidogo aliyachuja, akamwekea mavyaa wake Bi Jaha, mama wa mumewe, kikombe kimoja, kisha akaosha mikono mara saba, mara moja kwa udongo, kwa sababu mbwa alikuwa amemlamba.

Mbwa mwenyewe aliitwa Karani. Alikuwa wa kienyeji, rangi ya mchanga, sikio moja limekatika. Garama, jirani yao, ndiye aliyempa Swabra baada ya mumewe kufa, amsaidie kuchunga. Pale Mambrui watu walisema, mwanamke wa Kiislamu na mbwa wapi na wapi. Walisema mpaka wakachoka, maana mbwa wa mifugo ana ruhusa yake, na huyu alikuwa na manufaa yaliyozidi mifugo. Hakuweza kuona kitu hakipo mahali pake akatulia. Aliwahi kumrudisha mbuzi wa Garama kutoka Marafa. Aliwahi kuvirudisha viatu vya imamu, ambavyo mtu alivivaa kwa makosa, vikaja barabarani vyenyewe mbele ya mbwa, cha kulia kikitangulia. Mwaka juzi kivuli cha mkwaju wa msikitini kilihamia ua wa jirani kikakaa siku tatu. Karani alikiswaga hadi chini ya mti wake, imamu akamshukuru Swabra, watu wakaenda zao.

Lakini kwa miaka mitatu mbwa yule alikuwa hana raha. Alizunguka nyumba mchana kutwa, akisimama kila mara kutazama upande wa ranchi, akinung'unika, na Swabra hakumruhusu kwenda huko, kwa kuogopa askari. Swabra naye alikuwa hivyo hivyo. Alianza kufua akaacha, akaweka chungu jikoni akakisahau, akakaa, akainuka.

Sababu haikuwa siri. Miaka mitatu iliyopita, katika kumi la mwisho la Ramadhani, watu wako kwenye ibada zao, lori lilikuja likang'oa bikoni kumi na moja, zile nguzo za zege za mpaka wa ranchi, na kuzisimika upya hatua mia saba upande wa watu. Mashamba ya nyumba ishirini na mbili yakawa ndani ya ranchi. Ndani yalibaki malisho, kisima, sakafu ya nyumba aliyozaliwa Bi Jaha, na kaburi la mume wa Swabra. Kila Ijumaa Swabra alikwenda kumsomea, na kila Ijumaa askari wa getini alimpa daftari aandike jina lake na sababu ya ziara. Aliandika: kumwona mume wangu. Kesi ilikuwa mahakamani na ilikuwa imeahirishwa mara tisa. Bwana mmoja wa ofisi ya ardhi aliwaambia kwa upole kwamba bikoni ni zege tu, kinachosema ni ramani.

Mvua ilipokosekana, ng'ombe wawili walikufa na saba waliobaki wakawa mbavu tupu. Ndipo ranchi ikatangaza mashindano ya mbwa wa kuchunga, ili kujenga ujirani mwema. Kila mbwa angeletewa ng'ombe watano mwisho wa uwanja, awaswage hadi zizini kwa dakika kumi na tano. Mshindi angepata ruhusa ya kulisha mifugo yake ndani ya ua wa ranchi kwa mwaka mzima. Swabra alikwenda kujiandikisha siku ile ile, na njiani alikuwa na hasira hata akapitiliza ofisi.

Saa tatu walikuwa uwanjani, ndani ya ranchi, Bi Jaha amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya hema, Garama amesimama nyuma yake. Mwamuzi alikuwa mzee Ndirangu, daktari wa mifugo mstaafu kutoka bara, mtu wa haki na saa kubwa ya mkononi. Mbwa wawili walitangulia. Wa meneja wa ranchi, aliyeletwa kwa ndege, aliingiza ng'ombe watatu. Wa pili aliingiza mmoja akalala.

"Mama, uko tayari?" Ndirangu aliuliza.

"Niko tayari, mzee."

Swabra alipiga mbinja moja, Karani akatoka. Aliwazunguka ng'ombe kwa mbali, akawakusanya bila kubweka, akawaleta wote watano kwa mwendo wa taratibu. Watu walianza kutabasamu. Walipofika katikati ya uwanja, Karani alisimama, akainua pua upande wa ua, akawaacha ng'ombe pale pale. Alipita chini ya waya akapotea.

"Muda unaenda," Ndirangu alisema, akaandika kitu.

Baada ya dakika sita Karani alirudi na bikoni. Zilikuwa zote kumi na moja, na namba zake za rangi nyekundu, udongo mbichi bado umeshika chini. Zilitembea kwa kuyumba, upande huu kisha upande ule, na ile ya mwisho, iliyovunjika pembe, ilibaki nyuma kidogo, ikawa Karani anairudia. Mlinzi wa ua aliinua waya zipite. Baadaye aliulizwa kwa nini, akasema hakuona kwamba waya ule ulikuwa na kazi tena.

Bikoni zilianza kukata uwanja, zikapita kando ya wale ng'ombe watano, zikielekea magharibi, kwenye mpaka wa zamani. Hakuna aliyeuliza zinakwenda wapi. Garama alivua kofia. Bi Jaha aliinuka, akajifunga leso vizuri, akavaa ndala zake na kuzifuata bikoni. Alikuwa na miaka themanini na miguu yake ilikuwa ikimsumbua, lakini alikwenda nazo sambamba.

Meneja alimwendea mwamuzi. Ndirangu alifungua karatasi ya kanuni, akaisoma yote, akaikunja. "Hakuna kinachokataza bikoni," alisema. "Lakini hazina alama. Alama ni za ng'ombe. Mama, umebakiwa na dakika nne."

Swabra aliwatazama ng'ombe wale watano, walionenepa, wakila majani ya uwanjani. Aliwafikiria wake. Aliwaza kwamba bikoni zikifika, pengine ua utakuwa umekwisha, na pengine Jumatatu lori litakuja tena, na ramani ofisini haitakuwa imesogea hata unywele. Karani hakuwa ameitwa kuswaga ramani. Mwaka mmoja wa majani ulikuwa kitu ambacho angeweza kukitia mdomoni mwa ng'ombe kesho asubuhi.

"Swabra," Garama alisema kwa sauti ndogo, "mwache afike."

"Ng'ombe wako wewe wamekwisha kufa, Garama. Wangu bado wanapumua."

Akatia vidole mdomoni, akapiga mbinja mbili za kumrudisha.

Karani alisimama. Bikoni nazo zilisimama. Aligeuka akamtazama bibi yake muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama, na Swabra aliona haya, haya hasa, usoni mpaka shingoni. Alipiga tena. Mbwa aliziacha bikoni, akaenda kwa ng'ombe, akawaingiza zizini wote watano. Ndirangu alifunga mlango zimebaki sekunde ishirini.

Bi Jaha alikuwa amezipita bikoni akafika mbali. Alirudi peke yake, akakaa kwenye kiti chake, akazitoa ndala mchanga.

"Mama, nisamehe," Swabra alisema.

"Ng'ombe lazima wale," Bi Jaha alisema.

Walimpigia Swabra makofi. Meneja alitaka apigwe picha amemkumbatia mbwa. Swabra alikataa, akasema adhuhuri imekaribia na ana udhu. Alipewa fomu ya ruhusa, akatia sahihi mahali palipoandikwa jina la mgeni. Juu yake palikuwa na mistari mitatu, kwamba mgeni anakubali ardhi ni ya ranchi na hana dai lolote. Aliisoma yote mitatu kabla ya kutia sahihi. Bikoni zilikaa katikati ya uwanja hadi Jumatatu, lori likaja likazirudisha zilikotolewa na Karani, kila moja kwa namba yake.

Sasa Swabra huingiza ng'ombe wake kila asubuhi saa moja. Wamepata nyama, na madumu mawili yanajaa tena. Watu wa Shella wanasema maziwa yamerudia ladha yake. Bi Jaha anakunywa kikombe chake, hajauliza majani ni ya wapi. Garama humsalimia Swabra kama kawaida, ila hapiti tena uani kwake.

Karani amebadilika. Akishaingia getini huwapeleka ng'ombe kwenye malisho, kisha humzunguka Swabra kwa nyuma na kumswaga yeye, polepole, bila kumgusa, hadi kwenye ile sakafu ya nyumba ya zamani, hatua chache kutoka kaburini. Swabra huenda, kwa sababu ukijaribu kupinda anakuwahi mbele. Akishamfikisha, Karani hujinyoosha kwenye saruji iliyopasuka na kulala usingizi mzito hadi alasiri. Swabra hukaa karibu naye na mikono yake hutulia.

Ruhusa inakwisha saa kumi na mbili kasorobo. Ng'ombe hutoka wenyewe. Mbwa hatoki. Hapigiwi mbinja akasikia, haitwi akaja, na kila siku akivutwa hugeuka na kutaka kumrudisha bibi yake pale pale kwenye sakafu. Kwa hiyo Swabra humfunga kamba na kumburuta hadi getini, yeye akivuta huku na mbwa akivuta kule, na askari huwashikia lango. Kisha humpa daftari, naye Swabra huegemea ukuta, kamba imemkata kiganja, akaandika saa, na chini yake: mgeni ametoka.