Karatasi ya Maganda ya Maembe

Musembi, muuza mifuko wa mjini Machakos, alikuja kwangu Mitaboni Januari 2004. Nilimkaribisha. Mwethya wetu, kikundi cha wanawake tisa, haukuwa na siri. Tulikuwa tunachemsha maganda ya maembe yaliyotupwa na kiwanda cha juisi, tunachanganya na wanga wa muhogo, tunaanika mpaka inakuwa karatasi ya kufungia chakula. Ukiitupa shambani, inaoza kama jani.

Kwa mwethya, mgeni anayetazama kazi hushika kazi. Musembi aliandika tu kwa daftari. Wayua, mke wa mwanangu, akamwita nyuma ya jiko amsaidie kutwanga.

"Na suti hii, mama?" Musembi akacheka, akabaki alipokuwa.

Basi hakuona kilichokuwa kwenye kinu: viini vya kokwa za maembe. Hivyo ndivyo vinavyozuia ukungu. Sikumwambia. Hakushika mchi.

Wiki mbili baadaye Wayua alirudi kutoka sokoni akiwa amekunja uso.

"Susu," akaniita, yaani nyanya, "Musembi amejiandikisha kwa maonyesho ya kilimo. Anasema yeye ndiye aligundua karatasi. Eti sisi ni wamama wa darasa la tatu, hatuwezi kugundua kitu."

Mimi darasa la tatu sikulimaliza. Lakini kilichoniuma ni kingine: kiwanda kilikuwa kimesema atakayeshinda ndiye atapewa maganda yote. Bila maganda, kikundi chetu kimekwisha.

"Twende kwa chifu," Wayua akasema.

"Twende kufanya nini? Tuandikishe jina letu pia, tunyamaze."

Februari Musembi akarudi, mpole kama mgonjwa. "Susu, karatasi yangu inashika ukungu. Nimesahau nini?"

Nilimtazama vizuri, na sitadanganya, nilifurahi.

"Unachemsha muda gani?"

"Saa moja."

"Ndiyo hiyo shida. Chemsha saa tatu."

Alinishukuru mara mbili. Wayua alijifunika uso kwa leso mpaka mtu huyo akapotea njiani.

Ukichemsha saa tatu karatasi inakuwa laini, inang'aa. Ukungu haujali kung'aa.

Siku ya maonyesho waamuzi walifunga chapati kwa karatasi yake na nyingine kwa yetu, wakazifungia kwa sanduku siku tano. Musembi alipita kwa meza yetu akagusa karatasi yetu kwa kidole kimoja. "Inakwaruza kama gunia, susu," akasema.

"Ndiyo, baba. Ni ya wamama."

Siku ya tano sanduku likafunguliwa mbele ya watu. Chapati yetu ilikuwa kavu kidogo, lakini safi. Yake ilikuwa imeota manyoya ya kijani.

Watu wakaanza kucheka. Musembi akasimama akanielekezea kidole.

"Huyu mama alinidanganya. Nilipomuuliza, aliniambia nichemshe saa tatu. Kuna kitu alinificha."

Mwamuzi akaweka kalamu chini. "Ulimuuliza? Si wewe uliandika hapa umegundua mwenyewe?"

Mimi nilikuwa nimengoja maneno kama hayo kutoka kwa Musembi tangu Januari, na nikaona nisiyaache yapotee hewani.

"Ni kweli, nilimficha," nikamwambia mwamuzi. "Tafadhali andika alivyosema, vile vile, na jina lake chini. Halafu umwambie mtu wa kiwanda lori lilete maganda Mitaboni."