Kaburi la Bibi na Shahada ya Kiingereza

Nalala mchana, jambo ambalo nyumbani kwetu ni la wagonjwa na wavivu, na leo sijui mimi niko kundi gani. Mwisho wa kuthibitisha chuo ni jioni hii, na vyuo vilivyonipokea ni viwili. Kimoja ni cha ualimu hapahapa Bukoba, nitakuwa nakwenda na kurudi nyumbani. Kingine ni chuo kikuu, mbali, shahada ya Kiingereza, ile ninayoililia tangu darasa la tano. Mkopo nimekosa. Ili niende mbali, baba itabidi auze upande wa juu wa kibanja, penye kahawa, migomba na kaburi la bibi aliyemzaa. Kwetu Wahaya kibanja si shamba tu, ndipo tunapozikwa, na mnunuzi kasema wazi kwamba kaburi lihamishwe. Baba kasema atasubiri nichague mwenyewe. Najinyoosha kwenye kochi niwaze vizuri, nafumba macho, na usingizi unanichukua mzimamzima.

Niko njiani katikati ya migomba, natembea, na kila nikidhani nimefika mwisho njia inajikunja na kuanza upya, migomba inarefuka, inakuwa nguzo, nguzo zinakuwa kuta za mji, na mji wenyewe ni wa vioo, kila nyumba ina pacha wake ng'ambo ya barabara. Upande wa kulia najiona nimevaa joho, watu wananipigia vigelegele. Upande wa kushoto najiona mwalimu wa shule ya msingi, viatu vina vumbi, nacheka na watoto. Wote wawili wananipungia mkono, nami nawachukia wote wawili, maana hakuna anayenisaidia kuchagua. Mbele yangu anasimama mtu mwenye joho refu, na chini ya kofia yake hakuna uso, ni laini tu kama sahani iliyooshwa. Mimi ndiye wa kukuongoza, anasema. Namuuliza, nikisoma Kiingereza miaka mitatu, nitalipwa kiasi gani? Anajibu, ninacho kitu, ukikigawa kinaongezeka, ukikiuza hakikutoki. Ni elimu, namwambia, hicho hata mtoto anakitegua, mimi nimeuliza mshahara. Anacheka bila mdomo. Mshahara, anasema, ni mgeni aliyesema yuko njiani. Natamani kumzaba kofi, ila sijui shavu liko wapi.

Nageuza shingo na tayari tuko sokoni, na pale chini kwenye turubai ameketi binamu yangu Kokuhirwa, aliyemaliza shahada hiyohiyo na mpaka leo hajapata ajira ya kudumu. Amepanga maneno ya Kiingereza mafungu mafungu kama nyanya. Karibu, Kemilembe, ananiambia, leo ni bei ya kutupa. Dada, namuuliza, inalipa? Anapuliza vumbi kwenye fungu moja. Mwezi mwingine napata wanafunzi wa tuisheni, nakula vizuri, anasema, mwezi mwingine narudi kwa mama kuomba hela ya sabuni. Unajuta? Kusoma sijuti hata kidogo, nikifungua kitabu mimi ni tajiri. Ila mwenzio nilisoma kwa mkopo. Sikumhamisha mtu. Nataka kumjibu, lakini turubai linajikunja naye ndani, na mahali pake panabaki mizani, ile ya kupimia kahawa, imekua mpaka mawinguni. Sahani moja imebeba joho langu. Nyingine imebeba kibanja chetu, udongo na migomba yake, na bibi ameketi hapo anamenya ndizi. Mizani inapanda, inashuka, haitulii. Katika mji huu wote uso wa bibi ndio ninaouona wazi kuliko yote. Mjukuu wangu, ananiuliza, nisogee wapi? Hanilaumu. Anauliza kweli, kama mgeni aliyeambiwa apishe kiti, na hapo moyo unanipasuka. Usisogee, bibi, nasema huku nalia, kaa hapohapo. Nitasoma ualimu hapa nyumbani, na hiyo shahada nitaifuata baadaye kwa mshahara wangu, hata ukiwa mdogo. Bado naitaka, bibi, naitaka mpaka inaniuma. Nasikia mtu ananitikisa bega.

Ni baba. Kasimama kando ya kochi, suruali ina matope mpaka magotini. Nakaa upesi kabla maneno hayajanitoroka. Baba, nimechagua, namwambia, naenda chuo cha ualimu. Mwambie yule mnunuzi asije. Baba anavuta kiti, anakaa, anaangalia sakafu. Nilijua utaona huruma ukapoteza bahati yako, anasema. Pesa nimepokea tangu asubuhi, mwanangu. Wazee wa ukoo wameridhia. Namwambia, baba, niambie bado nimelala. Ananishika mkono tu, na mkono wake una udongo mbichi. Huko upande wa juu majembe yanapiga, moja linapumzika, jingine linaendelea, na sijui kama ndoto imekwisha au ndiyo kwanza inaanza. Nafumba macho kwa nguvu zangu zote, nangoja kuamka.