Toni ya Meneja

Jumatatu asubuhi dereva wa meneja aliingia dukani kwa fundi wa redio akiwa na redio moja ya mkononi ndani ya mfuko wa plastiki. Aliiweka mezani, kati ya kikombe cha chai na kopo la skrubu, akavua kofia. Kiti cha wateja kilikuwa wazi lakini hakukaa.

"Pole tena na msiba, dada."

"Nimeshapoa. Ina nini?"

"Haina kitu. Bosi anataka uitie toni. Anasema amechoka kusikia kila mtu."

Fundi aliijua redio ile kwa mkwaruzo wa ubavuni. Yeye ndiye aliyeziandika kwa kompyuta redio zote za kampuni ile ya kuhifadhi mahindi, tangu siku zilipotoka kwenye maboksi. Kampuni ilikuwa imepewa masafa ya aina moja tu, kwa hiyo watu wa vihenge, watu wa kupakia, watu wa mizani na walinzi wote walizungumza humo humo. Ili wasipigiane kelele, kila kitengo kilikuwa na toni yake. Toni ni mvumo mdogo unaosafiri chini ya sauti ya msemaji. Sikio la mtu haliupati, redio huupata. Redio ikipokea sauti yenye toni yake, hufunguka. Ikipokea sauti yenye toni nyingine, hukaa kimya kana kwamba hakuna aliyesema. Wateja wengi hudhani toni humficha msemaji. Haimfichi. Sauti yake iko hewani kama kawaida. Ni msikilizaji ndiye aliyetiwa pamba masikioni.

Redio ya meneja peke yake haikuwa na toni. Alipoanza kazi alisema kwamba mkubwa anapaswa kumsikia kila mtu, na watu walimpenda kwa neno hilo.

Mdogo wake fundi alifanya kazi vihengeni, kwenye ile minara ya bati inayojazwa mahindi hadi juu. Walimwita Betri, kwa kuwa akianza kuongea haishiwi chaji. Siku aliyokufa, redio yake ndiyo iliyokuwa imeishiwa chaji, jambo ambalo wenzake wangelicheka mwaka mzima kama angetoka salama. Akaazima redio ya watu wa kupakia, akaingia ndani ya kihenge cha tatu na mti mrefu ili abomoe mahindi yaliyoganda ukutani. Huko chini, mtu ambaye hakujua kwamba kuna mwenzake ndani aliwasha mashine ya kutolea mahindi. Mahindi yakaanza kushuka, na Betri akashuka nayo.

Kama aliita, aliita kwa toni ya watu wa kupakia, ambao saa hiyo walikuwa wamekwenda kula na kuacha redio zao kwenye chaja. Wenzake wa vihengeni walikuwa karibu kabisa na swichi, lakini redio zao hazikuijua toni hiyo. Ilibaki redio moja tu ambayo ingeweza kumsikia. Meneja aliwaambia wakaguzi kwamba redio yake ilikuwa mezani, imewashwa, na kwamba haikutoa neno siku nzima. Basi ikaandikwa kwamba marehemu aliingia bila kumjulisha mtu, kwamba hakuita msaada, na kwamba ulikuwa uzembe wake mwenyewe.

Mama yao hakulia sana msibani. Aliuliza tu, na tangu siku hiyo hakuacha kuuliza, akichambua mboga au akifunga kamba za viatu. "Yule mtoto alikuwa anaita hata akikosa sabuni bafuni. Itakuwaje asiite akifa?"

Fundi alichomeka waya wa kompyuta kwenye ubavu wa redio. Akaisoma kwanza, maana redio husomwa kabla ya kuandikwa, kisha kwenye chaneli ya kwanza akaipa toni ya mia mbili na tatu nukta tano, ambayo hakuna kitengo kilichokuwa nayo. Kazi ni kazi. Toni hiyo hiyo akaiandika kwenye redio ya katibu wa meneja, ambayo dereva alikwenda kuichukua kwenye gari. Dereva akashukuru, akavaa kofia, akaondoka.

Jumatano meneja aliacha kusikia watu.

Redio aliisikia. Milango, malori na honi alivisikia pia. Watu wenyewe, wakisema kwa vinywa vyao bila toni, ndio hawakumfikia. Daktari wa kampuni aliyatazama masikio yake, akasema ni mazima, hata nta hayana. Katibu akazoea kuketi mbele ya meza yake na kumsomea barua kwa redio, wakiwa wamekaribiana hadi magoti yanagusana. Mkewe alikuja dukani mwenyewe na redio mpya. Fundi akamwandikia, na majirani wakazoea kumsikia jioni akisema kutoka jikoni, "Chakula mezani, nimemaliza." Wafanyakazi walipopishana naye uani walimwinamia kwa adabu zote, wakasema, "Umeamkaje, gunia la pumba," naye akawapungia mkono. Baada ya wiki chache mzaha huo ulichuja, wakaacha.

Mama aliposikia habari hizo alisema, "Niandikie na mimi."

Fundi alijaribu njia ya mkato kwanza. Akaipa redio moja ya dukani toni ya meneja, akabonyeza.

"Meneja, meneja, hapa ni dada yake Betri."

"Nakupata," meneja akajibu. "Mambo ya msiba yapitie ofisini." Kisha akazima.

Wakaenda ofisini. Langoni mlinzi, ambaye kila mtu alimwita Kamanda, aliichukua redio yao na kuiweka dirishani, pamoja na nyingine alizokwisha kuwanyang'anya watu.

"Wageni hawaingii na redio, mama. Agizo jipya."

"Sasa atanisikiaje?"

"Ndiyo agizo lenyewe hilo," alisema Kamanda.

Basi mama akajifunza. Aliketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya kipimo kinachoonyesha namba ya toni, akavuma kwa midomo iliyofumbwa. Siku za kwanza namba ilirukaruka haishikiki. Fundi aliendelea kulehemu betri za watu, akimwambia bila kugeuka, "Shusha kidogo. Umeshusha mno. Hapo, hapo, usitikisike." Wateja walisubiri wamesimama. Mama alikohoa, akanywa maji, akaanza upya. Namba ilipotulia, ikabaki kazi ya pili: kusema maneno juu ya mvumo bila kuuacha. Alianza na majina ya majirani, akaja kwenye salamu, akaja kwenye maneno marefu. Jioni moja akiwa mezani aliomba apewe chumvi, na ile redio ya toni ya meneja, iliyokuwa juu ya kabati, ikawasha taa ya kijani na kusema kwa sauti ya mama, "Nipe chumvi."

"Uko tayari," fundi akasema, akampa chumvi.

Kesho yake Kamanda alipekua mkoba wa mama, akakuta miwani, leso na pipi za kikohozi, akampisha yeye na bintiye. Katibu naye aliwaonyesha mlango kwa kidevu.

"Ingieni tu. Mtukaneni mkitaka, hasikii."

Meneja alikuwa akipiga mihuri. Aliona watu mlangoni, akavaa tabasamu alilowavalia watu siku hizo. Mama akaketi, akaweka mkoba mapajani, akavuma.

"Mwanangu, mimi ni mama yake Betri."

Mkono wenye muhuri ulibaki juu kidogo, kisha ukautua muhuri taratibu.

"Karibu, mama," alisema. "Sauti yako inafika safi. Haina mikwaruzo hata kidogo."

"Nimekuja na swali moja. Aliita?"

Meneja alitazama mlango. Fundi alikuwa ameufunga na kuuegemea. Ilikuwa siku nyingi meneja hajasikia sauti ya mtu isiyotoka kwenye spika, na labda ndiyo sababu hakuinuka.

"Aliita."

"Alisemaje?"

"Alisema mahindi yamemfika kiunoni, wazime mashine. Halafu akasema yamefika kifuani. Halafu akaanza kuwaita wenzake wa kule, mmoja mmoja, kwa majina yao ya utani. Mengine nilikuwa hata siyajui."

"Halafu?"

"Halafu akaniita mimi."

"Ukamjibu nini?"

"Nilikuwa na wageni, mama. Wageni wakubwa. Nikajua wenyewe wa kule watamjibu." Alinyoosha karatasi ambayo tayari ilikuwa imenyooka. "Nikapunguza sauti."

Fundi hakusogea mlangoni. Tangu msiba alikuwa akizilaumu toni zake. Kila alipochomeka waya alijiambia kwamba ni yeye aliyewafunga watu masikio kwa mikono yake. Sasa alijua kwamba siku ile kulikuwa na sikio moja lililo wazi, na kwamba hilo moja lingetosha.

Mama hakupandisha sauti, kwa kuwa angeipandisha angepoteza toni.

"Basi kaseme hivyo hivyo kwa wakaguzi. Kwamba mtoto aliita. Sitaki kitu kingine kwako, wala kwa kampuni yako."

"Siwezi, mama. Wewe nimekwambia kwa kuwa ni mzazi."

"Mimi nilikuwa najua hata kabla hujaniambia. Wasiojua ni wengine. Wanawe wanaambiwa shuleni kwamba baba yao—"

Redio ya meneja, kama redio zote za aina ile, ilikuwa na kitufe cha kuzungusha juu yake, chenye chaneli kumi na sita, na fundi alikuwa amezijaza zote, kila moja na toni yake, kama kazi inavyotaka. Meneja alikizungusha hatua moja. Mama alimaliza sentensi yake, akasema nyingine baada ya hiyo. Meneja alimtazama kwa upole, akatikisa kichwa pale alipodhani panatakiwa kutikiswa kichwa, akachukua muhuri wake.

Mama akamgeukia bintiye. "Nimeipoteza?"

"Hujaipoteza, mama. Amehama."

Fundi alikwenda kwa wakaguzi siku hiyo hiyo. Mkaguzi mmoja alimsikiliza hadi mwisho, bila redio, kwa masikio yake mawili. Alisema anamwamini. Alisema pia kwamba neno la dada wa marehemu haliwezi kufuta kilichokwisha kupigwa muhuri, akampa pole, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi.

Mama alijifunza toni zilizobaki kabla ya mvua kukatika. Ya juu kabisa ilimkausha koo, na ya chini ilitikisa vikombe kabatini, lakini alizipata zote. Akawa anakwenda ofisini kila asubuhi, anaketi, anajaribu moja baada ya nyingine mpaka meneja ainue kichwa. Meneja hakumfukuza. Alisubiri afike kwenye jina la Betri, akahama.

Kamanda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona faida. "Mama, ukiwa mle ndani, hebu mwambie viatu vyetu vya mvua vimetoboka. Wewe anakusikia, sisi tumeshakuwa mabubu kwake." Mama akamwambia kabla ya kusema lake, na viatu vikaja wiki hiyo. Watu wa mizani wakamtuma kuhusu taa. Mpakiaji mmoja akamtuma kuhusu likizo ya kumuuguza mkewe, akaipata. Katibu, ambaye kidole gumba kilikuwa kimemvimba kwa kubonyeza, alimletea mama kiti chenye mto na glasi ya maji ya uvuguvugu. Kwenye mkutano wa wafanyakazi meneja alisoma kwamba mawasiliano kati ya uongozi na wafanyakazi hayajawahi kuwa mazuri kama mwaka huu. Ilikuwa kweli, na hakuna aliyebisha.

"Mama, umekuwa tarishi wa watu hawa," fundi alimwambia nyumbani. "Wamemwandika mwanao mzembe, na wewe unawabebea maombi ya viatu."

"Nikikaa hapa, nani atamtaja mle ndani?"

Fundi aliwasha jiko. Alimchemshia maji ya tangawizi, kwa ajili ya koo.

Mpaka leo mama huanza na maombi ya watu, kwa kuwa ni haki yao. Viatu, likizo, bawaba ya mlango wa choo, na ile kamba ya kuwafunga watu wanaoingia vihengeni, ambayo meneja huiandika upya kila inapotajwa na kusema imeshaagizwa. Wa vihengeni wanaingia hivyo hivyo, na miti yao. Maombi yakiisha, mama hurekebisha mkao, huvuta pumzi, husema, "Na Betri aliita." Siku nyingine hufika mpaka kwenye "na Betri" tu. Siku nyingine husema yote, ikiwa mkono wa meneja uko mbali na redio.

"Asante kwa kuja, mama," meneja huuambia mdomo wa mama unaoendelea kusogea, kisha hugonga kengele ili aingie mwingine.