Kanga za Bi Mwanakombo

Siku mama yangu, Bi Mwanakombo, alipoagwa kwa kustaafu siasa ndiyo siku niliyosafiri kwenda Tabora kuanza ualimu. Garimoshi lilikuwa la saa kumi na mbili jioni. Hafla ilianza saa nane, uwanjani Temeke, na risala nilipewa mie niisome.

Niliisoma. Miaka kumi na mmoja baraza la mji, minne Baraza la Kutunga Sheria. Mabomba ya maji, zahanati ya wazazi, darasa la wasichana. Risala haikutaja kwamba kila nilipokwenda shule ya bweni mama aliahidi kunisindikiza stesheni, na kila mara alikuja jirani yetu, Mzee Mwinshehe, na baiskeli yake. "Mama yako ana kikao," alikuwa akisema, huku akilifunga sanduku langu nyuma.

Asubuhi ile mama aliniambia, "Leo nakupeleka mwenyewe. Sina kikao tena."

Risala ilipokwisha, wanawake walikuja kumtuza. Mmoja alimzungushia kanga mabegani, akaikaza kwa fundo kifuani, akaja mwingine akafunga yake juu ya hiyo. Wa Kurasini, wa Kipawa. Mama akawa mnene kama robota la pamba, jasho likimtiririka.

"Tunu, njoo umchukue mama yako!" Bi Hamisa, mmoja wa waliomvisha, alipaza sauti. "Twakurudishia. Amechakaa kidogo, lakini anafaa!"

Watu walicheka. Nami nilicheka, macho yangu kwenye saa ya mwenyekiti.

Saa kumi na moja na nusu mama alisema, "Jamani, niacheni, mwanangu anasafiri." Mwenyekiti alitupa gari lake. Mama aliingia na kanga zake zote. Kuzivua mbele ya waliomvisha kungekuwa kuwavunjia heshima.

Tulifika stesheni kengele ikilia. Nilimkumbatia, mikono yangu haikukutana mgongoni mwake. Nilishika nguo tu.

"Ngoja," alisema, akaanza kufungua mafundo. Nilimsaidia kwa kucha. "Nani kakaza hivi? Hamisa huyu!"

Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Filimbi ikapulizwa tukiwa kwenye ya tano, na mlinzi wa garimoshi akanivuta ndani, kanga ikibaki mkononi mwangu.

Nilichungulia dirishani. Mama alikuwa amesimama palepale, kichwa ameinamisha, bado anafungua.