Matoka ya Mtaroni

Katika mkutano wa kwanza Igoki aliinua mkono mpaka bega likamuuma. Mwenyekiti wa kamati, Salesio, akamwambia, "Mama, hotuba baadaye. Kwanza kazi." Ebo! Si wao wenyewe waliotangaza Kibugu nzima kwamba jamii ishirikishwe kufungua njia ya kwenda kwenye mtaro wa zamani, wageni waje wauone? Kumbe jamii waliyoitaka ni ile yenye mikono tu.

Mtaro huo Igoki aliuchimba, yeye na wanawake wenzake, enzi za Hali ya Hatari, wamesimamiwa kwa bunduki, ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula kutoka vijijini. Dada yake Kagure alianguka humo na jembe mkononi, hakuinuka tena. Askari wakaamuru afukiwe papo hapo na kazi iendelee. Mvua zilipokuja, wanawake walipanda matoka juu yake, yale maua meupe ya mpakani. Siku hizo hakuna Mwembu aliyethubutu kung'oa itoka. Aliyeling'oa alijitafutia laana. Mawe yangeweza kuhamishwa. Matoka nani angeyagusa?

Kagure aliacha mtoto mchanga, Muchangi, na Igoki ndiye aliyemlea; mtoto akamwita Tata, yaani dada wa mama. Muchangi alijua mama yake yumo mtaroni, lakini mtaro ulikuwa umemezwa na miiba, na askari wa msitu hawakuruhusu mtu kupita. Kila alipouliza, Igoki alimjibu, "Njia ikifunguliwa, nitakushika mkono nikupeleke." Habari za maua hakumwambia. Alitaka amwonyeshe mwenyewe, kwa kidole chake. Ndiyo maana njia hii aliifurahia kuliko wote, na Muchangi alipochaguliwa msimamizi wa kazi, akaona Mungu amemkumbuka.

Halafu malaria ikamlaza Igoki. Alipopata nguvu ya kuota jua nje, Muchangi alikuja na matope mpaka magotini, anacheka.

"Tata, tumemaliza! Na tumeipamba. Maua pande zote mbili."

"Maua gani?"

"Yale meupe. Vijana waliyakuta yamesongamana huko ndani, nikawaambia wayang'oe wayapande kando ya njia. Si yalikuwa yamejificha tu bila faida?"

"Huko ndani wapi, Muchangi?"

"Aa, mimi sikuwepo, waliyaleta kwa magunia. Na mtaro upande ule tumeshaufukia ili njia ipite juu. Hata wao sasa hawawezi kupajua." Akamshika bega. "Jumapili tukitoka kanisani, unipeleke kwa mama."

Njia ilikuwa nzuri, Mungu awasamehe. Imesawazishwa, miti imekatwa, hakuna kisiki wala bonde la kumkumbusha mtu kitu. Matoka yalipangwa huku na huku kama watoto wa shule. Igoki alitembea na mkongojo wake, akatazama mpaka macho yakamuuma. Muchangi alimfuata nyuma, amevaa koti lake la harusi.

"Ni wapi, Tata?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Alikuwa na hasira ya kulitema, Mungu anajua. Akamgeukia, akaliona paji la uso la Kagure, lile lile.

"Hapa," akasema, akaonyesha ardhi kwa mkongojo.

"Una hakika?"

"Nilimfukia kwa mikono hii, nisijue?"

Muchangi alivua kofia, akapiga magoti. Akamweleza mama yake habari za wajukuu, na kwamba kifungua mimba anaitwa Kagure, na anajua kusoma. Alilia bila kujificha. Igoki aliuma pindo la leso yake.

Kisha mwanamume yule akafuta uso kwa kiganja.

"Hapafai kukaa wazi hivi," akasema.

Akaenda kwenye mstari, akang'oa itoka moja na mzizi wake, akampa. "Nishikie, Tata, lisimame wima."

Igoki akalishika, naye Muchangi akaanza kuchimba kwa vidole.