Gari la Kalisti na Pumzi ya Baba

Watu wa hapa Masama wanasema eti mimi Leonia sisemeshani na mdogo wangu Kalisti kwa sababu ya wivu wa gari. Wivu! Mimi na miaka yangu hamsini na mbili, nina migomba yangu, nina ng'ombe wawili wa maziwa, gari nalipeleka wapi? Acheni niseme ilivyokuwa, halafu kila mtu abaki na lake.

Baba yetu, Mzee Vedastus, mapafu yalimchoka. Hospitali walimruhusu mwezi wa kumi na moja, wakasema akae nyumbani lakini asikose oksijeni, usiku na mchana. Tukakodi mashine kwa Rahim, kijana wa Soweto pale Moshi mjini anayekodisha vifaa vya wagonjwa. Mashine yenyewe ukubwa wake ni kama ndoo kubwa ya maji, ina vigurudumu, inachomekwa kwenye soketi na kutoa hewa kupitia mpira mwembamba unaoingia puani. Inahema. Tsss, kimya, tsss. Wiki ya pili nilikuwa silali nisipoisikia.

Rahim alituachia na mtungi mdogo wa akiba. "Dada, umeme ukikatika mfungulie mzee huu," aliniambia. "Unakaa saa sita tu. Ukishaufungua, nipigie siku hiyohiyo nikuletee mwingine."

Baba kichwa chake kilikuwa kizima, na mdomo pia. Alikuwa anataka kitu kimoja tu, Krismasi na Kalisti, ambaye miaka minne mfululizo alikuwa hapandi nyumbani, kila Desemba ana safari ya Dubai au sijui wapi. Mwaka huu Kalisti aliahidi anakuja, tena anakuja na gari jipya, la umeme, la bei ambayo nikiitaja hapa mtadhani nimelewa mbege.

Sasa kwetu kuna ugonjwa mmoja, nasema ugonjwa kwa sababu sina jina lingine. Mtoto aliyeko Dar ndiye mwenye neno. Sisi tuliobaki tunalima, tunamwogesha mzee, tunakesha naye, lakini paa likivuja tunamsubiri wa Dar aje aseme bati gani linunuliwe. Ng'ombe akiugua tunampigia wa Dar, mtu ambaye hajui hata ng'ombe anakamuliwa upande gani. Kwa majirani nilikuwa nauona upuuzi huo na kuucheka. Kwangu sikuuona.

Tarehe ishirini na tatu Desemba, saa tatu asubuhi, umeme ukakatika. Transfoma ya kule chini ilikuwa imeungua, na habari ikaja kwamba mafundi watapanda kesho, au keshokutwa. Nikamfungulia baba mtungi. Jenereta pekee ya jirani, ile ya baa pale njia panda, ilikuwa imekodishwa kwenye harusi huko Sanya Juu. Jirani yangu Eliamini alipoona nahangaika akaja na ufunguo wa pikapu yake mkononi.

"Nashuka Soweto kwa Rahim sasa hivi," akasema. "Nachukua mitungi miwili mikubwa. Saa saba nimerudi."

Nikamwambia, "Ngoja kwanza nimpigie Kalisti."

Nimeisema sentensi hiyo mara ngapi maishani, Mungu ndiye anajua. Siku hiyo nayo ilinitoka tena, kama chafya.

Kalisti alikuwa Same. Alikuwa amelala Korogwe kwenye nyumba ya wageni, akaliacha gari likinyonya umeme ukutani usiku kucha. Nilisikia muziki, nikasikia anacheka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kalisti, umeme umekatika na baba yuko kwenye mtungi."

"Hilo tu? Dada, hili gari ni betri juu ya magurudumu! Lina soketi nyuma kabisa, na ekstensheni ninayo. Nachomeka mashine ya baba, inahema siku nzima na betri haina habari. Saa hizi nina asilimia hamsini na tano, nafika hapo na ishirini. Saa saba nipo. Msihangaike na mitungi, barabara zimejaa hizi."

Mnisikilize hapa. Sikumwambia kwamba mtungi ni wa saa sita. Yeye hakuniuliza, mimi sikumwambia, kwa sababu alisema saa saba, na aliposema yeye mimi nilitulia. Nilitulia kabisa, hata nikaona aibu kwa kupiga simu na sauti ya kulia.

Nikamgeukia Eliamini. "Kalisti anakuja na umeme wake."

"Na asipofika?"

"Eliamini, usituletee mikosi!" Nilimfokea mtu aliyekuja kunisaidia. Akainua mabega, akapakia ndizi zake, akaenda zake mnadani Sanya Juu.

Saa sita mchana nikapiga simu. Kalisti yuko Himo. Asilimia ishirini na mbili.

"Ishirini na mbili? Si ulisema hamsini na ngapi?"

Akaanza kujiumauma. Kumbe kule Mwanga binamu yetu Elifuraha alikuwa amempita na V8 yake akampigia honi. Ninyi mnaijua Desemba ya Wachaga. Wanatoka Dar kama waliofungwa mwaka mzima, na kila mmoja anataka kufika Moshi wa kwanza, ili akikaa kwenye nyama choma aseme fulani nilimwacha Same analamba vumbi.

"Nilimwonyesha kidogo tu, dada. Nilimpita kama amesimama!"

"Na asilimia zimeenda wapi?"

"Hili ukilikimbiza linakula sana. Na kiyoyozi. Kuna joto huku, dada, huwezi amini."

Nilikaa kitandani kwa baba. Akaniuliza amefika wapi, nikamwambia Himo. Akaurekebisha mpira puani, akasema, "Leonia. Hilo gari linakula umeme, sivyo? Na hapa umeme hakuna. Sasa likifika litakula nini?"

"Baba, ni lenyewe litakalotupa sisi umeme."

"Aa," akasema, na kutabasamu. "Mgeni anakuja na chakula chake." Hakuwa anakejeli. Alifurahi kweli, alikuwa anamsubiri mwanawe.

Saa saba, saa ambayo angekuwa amefika, Kalisti alikuwa Moshi mjini na asilimia kumi na nne. Mlima wa kuja kwetu ulikuwa bado. Akaingia kwenye hoteli moja akawaomba soketi, wakampa ya ukutani nyuma ya jiko. Gari lile likanyonya saa nzima. Saa nzima, jamani! Likapata asilimia tatu. Hata simu yangu hii ya kitochi ina haraka kuliko hivyo.

Mshale wa kipimo cha mtungi ulikuwa umeshuka kwenye wekundu. Nikampigia Eliamini, simu haipatikani. Nikampigia Rahim.

"Tangu saa tatu, dada?" akauliza. "Mbona hukunipigia asubuhi?" Nikamwambia mshale ulipofika. "Natoka sasa hivi na bodaboda," akasema, na simu ikakatika. Kalisti alikuwa saa nzima pale mjini, na wala sikufikiri kumwambia apitie kwa Rahim.

Kwa hiyo kuanzia saa nane nilikuwa na vitu viwili vya kutazama, mshale wa mtungi na simu. Kalisti kakwama kwenye foleni ya Boma Ng'ombe, kumi na mbili. Kalisti kaanza kupanda, kazima kiyoyozi, kafungua madirisha, anakwenda mwendo wa kutembea. Kumi. Mlima wetu hauna huruma, na lile gari ni zito kama lori la mawe. Nane. Nilitaka kumwambia aliache apande bodaboda, halafu nikajishika mdomo. Aje kufanya nini na mikono mitupu? Aliyekuwa anahitajika si Kalisti, ilikuwa ile betri. Na betri haipandi bodaboda.

Midomo ya baba ilianza kubadilika rangi. Nikampepea na gazeti. Niliupunguza mtungi ili hewa idumu, akahangaika, nikauongeza tena, na kila nilichofanya kilikuwa kibaya. Machozi yakanitoka.

"Leonia," akasema polepole, neno moja moja. "Usilie. Unanimalizia hewa."

Saa tisa kamili nikasikia kelele kule chini, kwenye kona ya kanisa. Gari lilikuwa limesimama. Kutoka pale hadi kwetu ni mwendo wa dakika tano kwa mtu anayejua njia. Vijana wakakimbia kulisukuma, wanaume wanane wazima, wala halikutikisika; magurudumu yalikuwa yamejifunga yenyewe. Lilikuwa limebaki na asilimia nne, nayo haikutosha kuupanda ule mlima. Kalisti alifungua nyuma achomeke ekstensheni pale pale, labda tumbebe baba tumpeleke huko, na soketi ikakataa. Ikifika chini ya kumi gari linajiwekea akiba yake, halimpi mtu. Hilo nalo hakuwa amelisoma. Milioni zote zile, na kitabu chake kilikuwa bado kwenye nailoni.

Akaja mbio. Nilimwona anapanda katikati ya migomba na viatu vyake vya Dar, shati limemganda mgongoni, na mkononi kashika ule waya wa ekstensheni, rangi ya chungwa, mpya kabisa. Sijui alifikiri atauchomeka wapi. Akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Baba alifungua macho. Tangu tukiwa wadogo, mtoto wake akitoka safari alikuwa na swali moja, na mtoto hujibu sukari, au mkate, au vitenge vya mama. Akaliuliza. "Umeniletea nini?"

Baba alinyoosha mkono, akakutana na ule waya, akaushika. Nadhani alidhani ni zawadi.

Mshale ulilala kwenye sifuri. Mimi niliendelea kupepea. Gazeti lile nilipepea hata baada ya Kalisti kunishika mkono.

Rahim alifika dakika arobaini baadaye, mtungi umefungwa mgongoni kwa khanga kama mtoto. Alisalimia kwa sauti kutoka uani, shikamoo nyingi, hajaona bado. Alipoona, aliushusha mtungi chini taratibu sana, kana kwamba ukipiga sakafu utamwamsha mtu.

Transfoma walitengeneza siku ya Krismasi. Gari lilivutwa na trekta hadi uani kwetu, likachomekwa kwenye soketi ya jikoni, likanyonya siku mbili na nusu bila mtu kulijali. Siku ya mazishi, katikati ya misa pale uani, umeme ukakatika tena. Padri akanyamaza, spika zikanyamaza. Kalisti akainuka, akafungua nyuma ya gari, akachomeka ule waya wa rangi ya chungwa. Spika zikaamka. Misa ikaendelea, na kwaya, na shukrani za ukoo, na friji ya soda ikafanya kazi mpaka jioni. Watu walikuwa wanalizunguka. "Ee bwana, hiki ni chombo!" wakasema. "Mzee Vedastus kazikwa kwa heshima." Niliwasikia na nikataka kuwatapikia.

Watu walipotawanyika, Rahim akaja kuchukua mashine yake. Ni kazi yake, simlaumu. Kabla ya kuipakia lazima aijaribu, maana kuna mgonjwa mwingine Moshi anaisubiri. Umeme wa nyumbani ulikuwa haujarudi, kwa hiyo kijana wa watu akaisogeza hadi uani na kuichomeka kwenye gari.

Ikaanza kuhema. Tsss, kimya, tsss.

Kalisti alikuwa amekaa kiti cha dereva, mlango wazi. Nilisimama karibu naye nikaiona ile skrini kubwa kama televisheni. Kulikuwa na picha ya gari, na asilimia tisini na nne, na maandishi madogo chini. Nikamwambia anisomee.

"Inasema kwa matumizi haya," akasema, "inaweza kuendelea siku kumi na mbili."

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Anapiga simu, sipokei, na mimi ningepiga nadhani asingepokea. Tukiongea, mmoja wetu itabidi aseme habari za mbio za Mwanga, na mwingine aseme habari za pikapu ya Eliamini.

Jioni ile Rahim alitutupia macho, mimi na Kalisti, akaweka mkono kwenye swichi. "Dada, iko vizuri," akasema. "Nizime?"

Sikumjibu. Kalisti naye hakumjibu. Rahim akaondoa mkono, akaketi kwenye ngazi akasubiri, na ile mashine ikaendelea kuhema pale uani mpaka giza likaingia.