Kijisanduku cha Mkwe

Sabaha alikuwa akikung'uta ufuta shambani kwake Nandagala aliposikia kitu kinakoroma njiani. Akainua macho. Seleman, mume wa binti yake Mwanne, alikuwa amesimama kando ya njia, uso kaugeuzia vichakani kama inavyompasa mkwe mwenye adabu, maana kwao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni hata wakutane kisimani. Hapo hapakuwa na neno. Neno lilikuwa kwenye kijisanduku alichokibana kiunoni. Kilikuwa na jicho moja la kioo, na jicho hilo lilikuwa likimtazama yeye.

Alijitupia kanga kichwani akaenda moja kwa moja kwa kaka yake Saadi, mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake na waume zao.

"Alikutazama?" Saadi akauliza.

"Yeye hapana. Kile kijisanduku chake."

"Basi kijisanduku si mkwe wako."

"Kaka, usinichezee. Anayekishika ni nani?"

Seleman aliitwa. Alikuwa fundi wa matrekta Nachingwea, kwenye mashamba ya karanga, na kamera ile aliachiwa na fundi Mwingereza aliyerudi kwao. Alijieleza macho yakiwa chini.

"Mjomba, sinema ya lile gari kubwa la serikali linalozunguka vijijini nimeiona. Watu wake wote wageni. Kamkanda ka kamera hii ni kembamba, hakafiki upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Hakataki umeme wala kundi la watu. Kamera unaitia ufunguo kama saa, basi. Nilitaka siku moja tujione sisi na ufuta wetu. Mama sikumtazama. Nilikisia tu."

Sabaha, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya ukuta, aliguna. Alikisia! Wazungu wa Nachingwea aliwaona kwa macho yake wakivibandika vitu vile jichoni.

Saadi akakata shauri: mkanda umekwenda kusafishwa Ulaya, ungojewe. Ukionyesha uso wa mama mkwe, Seleman afunge virago. Kwao mume ndiye anayehamia kwa mke, na anayewavunjia heshima wakwe hana pa kulala. Mwanne, mwenye mimba ya kwanza, alilia mpaka macho yakavimba. Sabaha alimhurumia, lakini hakulegeza.

Tangu hapo hakuwa na raha. Seleman akileta sukari, Sabaha ainuse kwanza. Alipopanda kuziba paa la ghala lake, Sabaha alijiuliza huko juu anatafuta nini. Hata njia ya kisimani aliibadili, akawa anazunguka kwenye miiba.

Mkanda ulirudi wakati wa palizi. Sabaha, Saadi na Mwanne waliingia ghalani mchana, dirisha limezibwa kwa jamvi. Seleman alibaki chumba cha nje, nyuma ya shuka iliyotobolewa tundu, akizungusha mashine kwa mkono, taa yake ikiwaka kwa betri ya trekta. Mwanga ukapenya tunduni, ukagonga ukuta.

Ufuta ukatokea. Kisha kanga aliyoijua. Sabaha akamshika kaka yake mkono kwa nguvu.

Ilionekana mikono inayokung'uta, kanga, miguu yenye vumbi. Juu ya shingo hapakuwa na kitu. Picha ikayumba, ikaonyesha mbuzi, ikaonyesha mbingu tupu, ikarudi kwa mwanamke yule yule asiye na kichwa. Saadi akaangua kicheko. Mwenye kutazama angemkata mtu kichwa namna ile?

Sabaha hakucheka. Alikuwa akiitazama mikono. Ile namna ya kupindisha kiganja kabla ya kupiga bua aliijua: ilikuwa ya marehemu mama yake, aliyemfundisha kukung'uta. Hakujua kwamba amebaki nayo. Uchungu na furaha vilimjia pamoja, na juu yake aibu ya kumshuku mkwe.

Mashine iliponyamaza, alimwita Mwanne karibu, kwani kusema na mkwe mwenyewe kusingewezekana.

"Mwambie mumeo virago aviache vilipo. Kesho napalilia mtama. Akisimama pale njiani, ageuze uso kama siku zote."

Akajifunga kanga vizuri.

"Ila kijisanduku akipandishe kidogo."